Hodi kwenye Nyumba ya Dhahabu

Kulikuwa na nchi, na nchi hiyo ilikuwa na mlango.

Nchi nyingine hujivunia mito yao, au milima yao, au watu waliokufa wakizitetea. Hii ilijivunia mlango. Ulikuwa wa chuma, mnene kama kifua cha fahali, na ulikuja kwa meli kutoka nchi ambayo watu wake hawazungumzi, husaini tu. Siku uliposhushwa bandarini shule zilifungwa, watoto wakasimamishwa juani kupunga bendera ndogo za karatasi, na wale waliozimia wakatangazwa redioni kuwa wamezidiwa na uzalendo.

Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kila ninapolitaja mbele ya wageni, mmoja wao hunishika mkono na kuniambia, "Kumbe na wewe unatoka kwetu."

Mlango huo ulikuwa wa Nyumba ya Dhahabu, na Nyumba ya Dhahabu ilikuwa ya sarafu mpya iliyoitwa Chembe. Aliyeibuni sarafu hiyo ni Waziri wa Hazina, Mheshimiwa Mbaraka Tunguu, mtu wa shahada nyingi, nyingine akiwa amezipata kabla ya kuzisomea. Siku ya uzinduzi alipanda jukwaani, akanywa maji, akafuta kioo cha saa yake ili kamera ziione vizuri, akasema:

"Ndugu wananchi, noti huliwa na mchwa. Sarafu hutoboa mifuko. Serikali yenu sikivu imekaa, imetafakari, imeona iwapeni fedha isiyoshikika, kwa maana kisichoshikika hakiibiki. Kila Chembe utakayoiona kwenye simu yako ina pacha wake wa dhahabu halisi, amelala nyuma ya mlango huu. Simu ikizimika, pacha hazimiki. Simu ikiibiwa, pacha haibiwi. Na wewe mwenyewe ukifa, pacha atakulilia."

Watu walipiga makofi. Nilikuwapo, nami nilipiga. Askari walikuwa wanaangalia mikono.

Juu ya mlango fundi wa rangi alikuwa ameandika ubeti wa mshairi wa Serikali, ambaye hulipwa kwa mshororo na kwa hiyo hujitahidi sana:

*Mlango huu wa chuma, hauna wa kuupinda,*
*Mwizi akija hukoma, miguu ikamshinda,*
*Mali i humu salama, Serikali yailinda,*
*Raia lala kwa wema, Taifa linakupenda.*

Mizani yake imetimia. Vina vyake vimetimia. Ni ukweli tu uliopungua, na kwa ukweli hakuwa amelipwa.

*

Dhahabu yenyewe ilitoka kwa watu. Nchi haikuwa na machimbo. Ilikuwa na wanawake. Kila nyumba ilikuwa na hereni za masikio, bangili, vikuku, pete ya marehemu bibi iliyofungwa kwenye kitambaa na kufichwa chini ya mchele. Na kwa bahati njema ya Serikali, wakati ule wezi wa majumbani walikuwa wameongezeka sana, kwa sababu polisi walikuwa wamepungua mitaani, kwa sababu wote walihamishiwa kulinda mlango.

Katika mtaa wa mafundi cherehani alikaa Bi. Asumini, mjane, mshonaji wa nguo za harusi. Yeye mwenyewe hakuwa na dhahabu hata ya kuzibia jino. Alikuwa na kidani kimoja ambacho hakikuwa chake. Mdogo wake, siku alipokuwa anakata roho, alikivua shingoni, akamtia mkononi, akamwambia, "Dada, hiki si changu tena na wala si chako. Ni cha shingo ya Raya siku atakapoolewa." Raya alikuwa mtoto wa kubebwa wakati huo. Kidani kilikuwa cha majani madogo madogo ya dhahabu, na jani moja lilikuwa na alama za meno, kwa sababu Raya alipoanza kuota meno alilitafuna akiwa kifuani kwa mama yake.

Bi. Asumini alikaa na amana hiyo miaka yote ya kumlea mtoto. Kulikuwa na mwaka alikula mihogo mitupu na kidani kimo ndani ya godoro. Hakukiuza. Lakini nyumba ya jirani ilipovunjwa, kisha ya jirani wa pili, woga ukamwingia. Akasikia redioni kwamba hakuna nyumba salama kama Nyumba ya Dhahabu. Akakipeleka.

Kijana wa dirishani alikitupa kwenye mizani, akabonyeza simu ya Bi. Asumini, akamrudishia. "Tayari mama. Angalia, Chembe zako hizo."

Bi. Asumini aliangalia tarakimu. "Na lile jani lililoumwa?"

"Lipi?"

"Kuna jani lina meno ya mtoto. Nitalitambuaje siku nikija kulichukua?"

Kijana alicheka na mwenzake. "Mama, Chembe hazina meno."

*

Sasa ni lazima niwaeleze adabu ya nchi ile, maana bila hiyo mtadhani nawatania.

Watu wake ni waungwana. Hakuna anayeingia kwa mwenzake bila kupiga hodi. Unapiga hodi ya kwanza, unangoja. Ya pili, unangoja. Ya tatu, na usipojibiwa "karibu," unageuka na kurudi ulikotoka bila kinyongo, kwa maana ama hakuna mtu, ama yupo na hakutaki, na yote mawili ni haki yake. Hata watoto wanalijua hilo. Ukiona mtu anachungulia dirishani au anazunguka uani, ujue hakulelewa.

Serikali, kwa kuwa nayo inapenda kuonekana imelelewa, iliiingiza adabu hiyo katika Sheria ya Nyumba ya Dhahabu. Kifungu kikasema kwamba hakuna mtu yeyote, awe mkaguzi, mbunge au mwenye mali, atakayeingia mle bila kupiga hodi mara tatu na kukaribishwa. Kifungu kilichofuata kikasema kwamba akikaribishwa, ataingia, na asiwepo wa kumzuia. Hicho cha pili kiliandikwa kwa ajili ya kupendezesha cha kwanza. Nani angekaribisha mtu kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa, isiyokaliwa na mtu?

Kila mwaka basi Mkaguzi Mkuu, Bwana Nasibu, mtu mwembamba mwenye tai nene, alikwenda na msafara wa ving'ora na bendi ya matarumbeta kukagua dhahabu ya taifa. Alisimama mbele ya mlango, akakohoa, akapiga hodi tatu kwenye tundu la ufunguo, ambalo lilikuwa kubwa kiasi cha kupitisha ngumi. Kimya. Akageuka, akaandika ripoti, na ripoti ilikuwa hii hii kila mwaka:

"Tulipiga hodi, hatukujibiwa. Kwa hiyo ndani hamna mtu. Kwa kuwa hamna mtu, hamna mwizi. Kwa kuwa hamna mwizi, dhahabu iko salama."

Magazeti yaliandika kwamba hesabu ni safi. Washauri kutoka ng'ambo walikuja kwa ving'ora, wakapiga hodi kwa lafudhi yao, wakarudi kwao wakisema hawajapata kuona hazina iliyo salama kiasi kile, maana hata wao walishindwa kuiona.

Mwaka mmoja mbunge kijana, ambaye alikuwa bado hajapewa gari, aliuliza kwa nini asitokee mtu akazunguka nyuma ya jengo kutazama. Spika alimtoa nje ya ukumbi. "Mheshimiwa," alimwambia, "mama yako alikufunza kuzunguka nyuma ya nyumba za watu?" Bunge zima lilicheka, na mbunge akaomba radhi, na mwezi uliofuata akapewa gari.

Jambo moja tu lilikuwa la ajabu kidogo. Mara kwa mara mtu aliyesimama karibu na mlango alisikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Waziri Tunguu alilitolea ufafanuzi. Alisema dhahabu ikikaa pamoja kwa wingi hutoa joto, na hiyo ndiyo harufu ya utajiri.

*

Raya akapata mchumba, fundi wa majokofu, kijana mpole. Siku ikapangwa. Bi. Asumini akamshonea gauni, akaacha shingo wazi makusudi, akaenda ofisi ya Chembe kuchukua amana.

Afisa aliyempokea alikuwa anakula karanga. "Unataka nini hasa, mama?"

"Nataka dhahabu yangu. Yaani si yangu, ya mwanangu."

"Si unayo kwenye simu?"

"Ninayo. Sasa naitaka shingoni."

Afisa alifikiri, akatema ganda. "Si umvike simu."

"Mwanangu, unanifanyia mzaha?"

"Mimi siwezi kukufanyia mzaha, mama, mimi ni mtumishi wa umma. Siku hizi maharusi wa kisasa wanavaa simu. Unaitundika kwa utepe, unaongeza mwanga, watu wote wanaona Chembe zako ngapi. Kidani kinaonyesha nini? Kinaonyesha majani."

"Kilikuwa na meno pia," alisema Bi. Asumini.

Afisa hakuelewa, na hakujisumbua. Alimwambia kwamba kwa mujibu wa sheria kila mwenye Chembe ana haki kamili ya kurudishiwa dhahabu yake, saa yoyote na bila ada. Anachotakiwa ni kwenda mwenyewe mlangoni, kupiga hodi na kukaribishwa.

"Kuna aliyewahi kukaribishwa?"

"Bado. Lakini hatujawahi kupokea malalamiko. Wote tunawasindikiza kwa ving'ora, wanarudi kimya, ni watu wenye adabu."

Bi. Asumini alitoka. Njiani hakulia. Alikuwa anawaza neno moja, nalo ni mwizi. Si mwizi wa majumbani. Alijiona yeye, siku ya harusi, amesimama mbele ya ukoo wa marehemu mdogo wake, na kila mtu anatazama shingo ya Raya, kisha anamtazama yeye. Wangesema alikula mihogo kwa maonyesho, kumbe kidani alikwishakimeza. Na yule aliyemkabidhi hayupo duniani kumtetea.

*

Siku mbili kabla ya harusi ikawa ni siku ya ukaguzi. Bi. Asumini akaenda, akasimama miongoni mwa watu nyuma ya kamba.

Ving'ora vililia mtaa mzima. Bendi ikapiga. Mshairi wa Serikali akasoma ubeti wake, akausoma tena kwa kuwa alilipwa mara mbili. Bwana Nasibu akakohoa, akapiga hodi ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Ya tatu. Kimya kikubwa zaidi. Umati ukashangilia, kama mpira umeingia golini.

Mheshimiwa Tunguu akachukua kipaza sauti. "Mmesikia wenyewe. Hamkusikia kitu. Huo ndio usalama. Kuna nchi jirani, sitaki kuzitaja, ambazo ukipiga hodi hazina zao zinajibu. Sisi yetu ina nidhamu."

Kisha wakubwa wakaenda chini ya hema kunywa soda baridi na kula sambusa. Ving'ora vikazimwa. Wapiga matarumbeta wakaweka matarumbeta chini. Koplo Machano, askari aliyevaa ufunguo shingoni, akaegemea ukuta, akafumba jicho moja.

Bi. Asumini akainua kamba, akapita chini yake, akaenda mlangoni. Hakuna aliyemzuia, maana alikuwa mwanamke mtu mzima aliyevaa khanga mbili, na watu wa aina hiyo hawaonekani kwa macho ya Serikali. Akainama kwenye tundu la ufunguo. Hakupaza sauti. Alipiga hodi kama anavyopiga kwa jirani akienda kuomba sindano.

"Hodi wenyewe."

"Karibu mpenzi," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani. "Karibu, karibu. Leo kuna maharage ya nazi, na chapati zinatoka sasa hivi."

Chini ya hema sambusa zilisimama njiani kuelekea midomoni.

Bwana Nasibu ndiye aliyefika kwanza, tai imemkalia begani. "Nani amejibu?"

"Dhahabu," alisema Koplo Machano, ambaye alikuwa ameshtuka usingizini.

"Dhahabu haipiki chapati, Koplo."

"Mimi nimesikia karibu, afande. Na sheria nimeikariri. Wakikaribishwa, wataingia, na asiwepo wa kuwazuia." Akavua ufunguo shingoni.

"Subiri," alisema Mheshimiwa Tunguu. Alikuwa anatokwa na jasho mahali ambapo waziri hatakiwi kutokwa na jasho, yaani mbele ya kamera. "Tuunde kwanza kamati. Inawezekana huyo aliyejibu hana mamlaka ya kukaribisha."

Mzee mmoja kwenye umati akasema, "Mheshimiwa, mtu amekaribishwa na unamzuia mlangoni? Umelelewa wapi?"

Umati ukaguna. Katika nchi ile unaweza kumwita waziri mwizi, akacheka na kukupa mkono. Kumwambia hakulelewa ni jambo jingine. Mheshimiwa Tunguu akasogea pembeni. Koplo akazungusha ufunguo. Mlango ukafunguka polepole, kwa heshima zote, kama mlango unaojua bei yake.

Ndani mlikuwa na jua.

Hamkuwa na paa, wala ukuta wa nyuma. Palikuwa na mlango, kuta mbili fupi za kuushika usianguke, na baada ya hapo uwanja wa majani, mbuzi mmoja, na jiji likiendelea na shughuli zake. Mkandarasi, ambaye alikuwa shemeji wa mtu, alipewa fedha za jengo zima. Mlango ukala karibu zote, zilizobaki zikaliwa na wengine. Na kwa kuwa kila mtu aliyekuja alikuwa na adabu, hakuna aliyezunguka nyuma.

Katikati ya uwanja mwanamke mnene alikuwa amechuchumaa penye moto, sufuria mbele yake, benchi pembeni. Alipoona tai, kofia na kamera, alisimama haraka, akaanza kukusanya sahani.

"Jamani, naondoka, msininyang'anye sufuria. Mimi nilidhani ni mteja."

"Wewe ni nani?" aliuliza Bwana Nasibu.

"Sikudhani. Mama Sikudhani, wa chapati. Wafanyakazi wa gereji wote wananijua."

"Na kwa nini hukuwa unajibu tulipopiga hodi miaka yote hii?"

"Ving'ora vile? Si nilijua ni askari wa jiji wamekuja kufukuza wauza vyakula. Nikivisikia nafunika moto, nalala kwenye majani pale na mbuzi wangu, mpaka muondoke."

Bi. Asumini hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama mafiga. Chini ya sufuria kulikuwa na mawe matatu ya namna moja, yamechongwa sawasawa, kama yale matofali ya dhahabu yaliyoonyeshwa kwenye magazeti siku ya uzinduzi yakiwa yamepangwa kama ngazi na Waziri ameyawekea mkono. Upande wa nje yalikuwa ya rangi ya dhahabu. Upande wa ndani, palipopigwa na moto, rangi ilikuwa imebabuka, na chini yake palikuwa na tofali la udongo.

"Haya umeyatoa wapi, mwenzangu?" aliuliza.

"Niliyakuta hapa hapa, yametupwa. Si mazuri, shoga, yanapasuka. Tofali la mtaani lingenifaa zaidi."

Bi. Asumini akamgeukia Waziri. Hakupaza sauti hata sasa. "Mheshimiwa, kidani cha mwanangu kiko wapi?"

Sasa nitawapa jibu la Mheshimiwa Tunguu neno kwa neno, maana vizazi vijavyo vitaona nimelitunga, na mimi sina kipaji cha kutunga kitu kama kile.

Alikunja uso wa hekima. Akasema, "Mama yangu, wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dhahabu ilikuja kwetu kama mgeni. Tukaipokea, tukailaza siku mbili. Ya tatu, kwa kufuata mila zetu wenyewe na si za kuiga, tukaipa jembe. Dhahabu yenu haijapotea. Imekwenda kulima."

"Wapi?"

"Ng'ambo. Kuna udongo mzuri kule."

"Na mavuno?"

"Mvua za kule zinachelewa," alisema Waziri. Akaingia kwenye gari lake, ambalo nalo lilikuwa jipya, na ambalo huenda ndilo lililokuwa jembe.

*

Serikali haikukaa kimya. Kabla jua halijazama ilikwishachukua hatua kali. Mama Sikudhani alifunguliwa shtaka la kukaribisha mgeni katika jengo la umma bila kibali. Mbuzi alizuiliwa kama kielelezo na hajaonekana tangu siku hiyo, ingawa watu wa kituo cha polisi walinuka mchuzi. Zabuni ilitangazwa ya kujenga ukuta wa nyuma, na ikapewa yule yule shemeji, kwa kuwa analijua eneo. Na Chembe zikaendelea kuonekana kwenye simu kama kawaida, tena zikaongezewa rangi.

Bi. Asumini alirudi nyumbani, akafunga mlango, akamweka Raya chini. Akamweleza yote: godoro, mihogo, woga, dirisha, mizani, mafiga. Alipomaliza alisema, "Mama yako aliniachia jambo moja tu duniani, na nimeshindwa."

Raya alilichukua gauni, akalitandaza magotini. Kisha akasema, "Mama mkubwa, ulimkimbia mwizi."

"Ndiyo."

"Ukakimbilia kwake. Sasa kosa ni la nani hapo? Nivalishe gauni. Shingo iache hivyo hivyo."

"Watasema."

"Waache waseme. Wakiuliza, jibu unalo. Umepewa na Waziri."

Siku ya harusi nyumba ilijaa wanawake. Ngoma, vigelegele, harufu ya udi. Raya alitolewa ndani na shingo yake tupu, na bila shaka macho yote yakaenda hapo. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye ulimi usiojua likizo, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Haya jamani, bibi harusi mbona shingo haina hata uzi? Tuliambiwa kuna kidani cha marehemu."

Bi. Asumini aliinua uso. "Kipo, wifi. Kimekwenda kulima."

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Hata bangili zangu." Mwingine, "Na hereni za mama yangu, ziko shamba moja na zako." Shangazi mwenyewe akajishika mkono ulipokuwa na alama nyeupe ya kikuku. "Na mimi," alisema polepole. "Kumbe tumepeleka wakulima wengi." Nyumba nzima ikaangua kicheko, cha aina ile kinachouma mbavuni, na hakuna aliyemtazama tena Bi. Asumini kwa jicho la kumshuku.

Ndipo ving'ora viliposikika mtaani.

Mheshimiwa Tunguu alikuwa amesoma magazeti, na magazeti kwa mara ya kwanza yalimuudhi. Akaja na kamera, bendi, Bwana Nasibu, Koplo Machano, na sanduku la mahameli lenye simu mpya iliyofungwa utepe wa rangi ya dhahabu. Alikusudia kuingia, kumvika bibi harusi simu ile mbele ya taifa, kumkumbatia mama, na jambo likaisha. Hotuba alikuwa nayo mfukoni.

Akafika mlangoni. Ulikuwa mlango wa mbao, umepinda kidogo chini, hata kufuli lake lilikuwa la kamba. Ndani ngoma ilikuwa inalia kiasi cha kutikisa dirisha.

"Hodi," alisema Mheshimiwa.

Bi. Asumini akaweka kidole mdomoni. Ngoma ikakatika. Mpigaji alibaki na mkono hewani.

"Hodi," alisema Mheshimiwa, kwa sauti ya kampeni.

Mtoto mchanga akataka kulia, akapewa ziwa.

"Hodi jamani, ni mimi Waziri wenu."

Wanawake mia na zaidi, na ungesikia udi ukiungua.

Mheshimiwa Tunguu akatazama kamera. Kamera zikamtazama yeye. Akageukia dirisha, akataka kuchungulia, akamkuta Koplo Machano amesimama pembeni, anamtazama kwa huzuni kama mtu anayemwona mtoto wa watu akiharibika. Mtaa mzima ulikuwa umetoka nje, unatazama kama atazunguka uani. Hakuzunguka. Aligeuka na sanduku lake la mahameli, na alipofika garini wimbo ukapanda kutoka ndani, wa papo kwa papo, na anayesema aliutunga nani ni mwongo, maana uliimbwa na wote:

*Hodi ya kwanza twacheka, hodi ya pili kimya tu,*
*Hodi ya tatu ondoka, rudi kwenu ewe mtu,*
*Kidani mlichoweka, kilime kivune kutu,*
*Mlango huu hakika, wa mbao lakini wetu.*

Tangu siku ile ni hivyo nchi nzima. Akija mwomba kura, kimya. Akija mkusanya michango ya mwenge, kimya. Akija afisa wa Chembe na karanga zake, anasikia watu wakicheka ndani mpaka anapopiga hodi, kisha hasikii kitu. Wanasimama milangoni na suti zao, wanaangalia saa, wanarudi. Adabu ni adabu.

Bwana Nasibu siku ile hakuondoka mara moja. Alikuwa mtu wa kazi yake. Hodi zikipigwa tatu mbele yake ni lazima aandike. Akaketi kwenye kibaraza, akaweka karatasi gotini, na huku ngoma ikitikisa ukuta nyuma ya mgongo wake, akaandika kama alivyozoea:

"Tulipiga hodi, hatukujibiwa. Kwa hiyo ndani hamna mtu. Kwa kuwa hamna mtu, hamna mwizi."

Akasoma tena. Akainua macho, akalitazama gari la Mheshimiwa likikata kona. Na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaona ameandika kweli tupu: mwizi hakuwamo ndani.